Sufuria Mbili za Chumba cha Sanaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Nawaambia mapema ili mjue nilikuwa mgeni kiasi gani. Shule ilikuwa ya msingi, upande wa Kapsoit, na mvua ya Kericho haimngoji mtu afike kwanza ndipo inyeshe. Hedimasta alivitazama viatu vile, akakitazama cheti changu, akaniuliza kama sanaa ndiyo kuchora maua pembeni mwa daftari. Nilimjibu kwamba sanaa ni somo kama hesabu. Kisha nikaomba rangi, brashi na karatasi. Alinipa boksi la chaki, akanyoosha mkono dirishani, kule ambako udongo mwekundu ulikuwa ukishuka na maji barabarani.

"Rangi ile pale, Madam Nasimiyu. Chota mpaka utosheke."

Alidhani amenikomesha. Kumbe ndiye aliyenipa kazi yenyewe, na kazi hiyo nimeifanya mpaka nikastaafu.

Ninyi mnaofundisha sanaa leo mnafungua kopo na kuchovya, kwa hiyo acheni niwaeleze kidogo. Rangi yoyote, hata ile ya ng'ambo, ni vitu viwili. Kuna unga wenye rangi yake, halafu kuna kiungo, yaani kile cha majimaji kinachoushika unga ili usidondoke picha ikikauka. Udongo wa Kapsoit ulikuwa unga mzuri ajabu. Kiungo ndicho kilichonitoa jasho. Watoto walichora kwa udongo na maji, tukatundika, na asubuhi tukakuta karatasi tupu ukutani na vumbi jekundu sakafuni. Tukajaribu uji wa ngano. Panya wakaila picha ya Krismasi, wakaanza na mamajusi wakamaliza na ng'ombe.

Afisa wa Elimu wa Wilaya alipita siku moja, akaona tope letu ukutani na mikono ya watoto. Alicheka, akasema mwalimu anayeweza kufundisha bila vifaa anafaa kupelekwa mahali ambapo hakuna vifaa kabisa. Nilidhani ni mzaha wa wakubwa. Barua ya uhamisho ikaja, nami nikahamia chuo cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Kericho. Nilifurahi sana, maana mume wangu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha chai upande huo huo. Sisi ni watu wa Bungoma, tulifuata kazi ya chai kama wengi wa kwetu, na hatukuwa na ndugu mwingine huku isipokuwa majirani wa laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi.

Mkuu wa Chuo alikuwa Mzungu mrefu, mpole wa sauti na mgumu wa moyo. Alinipeleka mwenyewe kwenye chumba cha sanaa, akafungua dirisha, akanionyesha upana wa chumba kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mimi napenda picha," akasema. "Lakini cherehani zangu zinakaa stoo, zinashika kutu. Mtahini wa Nairobi atakuja mwisho wa mwaka. Akiona kazi ya maana, chumba ni chako. Asipoona, hapa patakuwa pa kushona, na wanafunzi wako watashona."

"Na hao wanaotaka kufundisha sanaa?"

"Watafundisha kushona," akasema, akafunga dirisha.

Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwapo msichana wa Kikipsigis, jina lake Chepkoech. Kwao kulikuwa jirani kabisa, ng'ambo ya ua wa chuo, na alilelewa na bibi yake, ambaye yeye alimwita kogo, nasi sote tukamwita hivyo hivyo. Chepkoech alikuwa mkimya, lakini ukimwachia ubao hakuhitaji kuelekezwa. Nilipowaeleza darasa maneno ya Mkuu, wengine walicheka. Yeye alinifuata nje.

"Mwalimu, mimi nikishika sindano nalala," akaniambia. "Kama chumba itafungwa, heri nirudi nyumbani."

Na hakuwa anatishia. Nilimwona machoni kwamba angerudi. Tangu siku hiyo sikulala vizuri, maana niliipenda ile kazi na nilimpenda yule mtoto.

Rangi za kopo hazikuwapo. Nikawaambia wanafunzi kila mmoja aje na kitu cha kwao kinachoacha alama. Ee bwana! Chumba kilijaa. Mmoja alileta masizi ya chungu, mwingine magome ya miti, mwingine kunde na maharagwe. Otieno, kijana ambaye wazazi wake walikuwa wachumaji wa chai kutoka upande wa ziwani, alileta gunia zima la vijiti, yaani yale mabua makavu yanayochekechwa kiwandani na kutupwa. Mume wangu aliruhusiwa na meneja wake kubeba masanduku ya chai yaliyovunjika. Plaiwudi yake ilikuwa nyepesi na imara, na ndani yake mna karatasi ya kung'aa kama bati jipya. Siku hizi picha za namna hii zina jina kubwa la Kiingereza, na watu huziandikia tasnifu. Sisi tulisema tunapaka na kubandika.

Jambo la maziwa lilitoka kwa Chepkoech. Alikuwa ameona nyumbani kwamba maziwa yakimwagika kwenye jiwe la jikoni yakakutana na jivu, yakikauka hata kisu hakiyabandui. Tukajaribu. Unayaacha maziwa yagande, unayachuja kwa kitambaa hadi maji yatoke, kisha yale mabonge meupe unayasaga na chokaa kidogo. Unapata kitu kizito chenye kunata. Ukikichanganya na udongo mwekundu au makaa ya kusaga, unapata rangi ambayo hata mvua ya Kericho haiifuti. Nilipiga vigelegele peke yangu, mwalimu mzima.

Maziwa yalitoka kwa ng'ombe wa kogo, mmoja tu aliyekuwa anakamwa. Chepkoech alisema bibi yake alifikiri kwa muda mrefu kabla ya kukubali, kwa sababu maziwa hayachezewi. Alikubali alipoambiwa yatakaa ukutani, mahali safi, wala hayatamwagwa chini.

Lakini maziwa yalikuwa na udhaifu wake. Yalishika rangi, hayakushika mzigo. Ukibandika vijiti vya chai au maharagwe, kesho unayaokota. Kwa hiyo nikaenda kwa mchinjaji mjini nikaomba makongoro na mishipa, nikayachemsha taratibu kwenye sufuria hadi yakatoa gundi. Hii ndiyo gundi ya zamani ya maseremala. Ikipoa inaganda kama jeli, ukiipasha inalainika, na ikikauka inashika hata jiwe. Ubaya wake ni unyevu. Kila alasiri mvua ikinyesha, vijiti vyetu vilianza kuteleza ubaoni polepole kama konokono.

Sasa sikilizeni akili yangu ilivyofanya kazi. Maziwa hayaogopi maji, gundi haiogopi uzito. Kwa nini nisivichanganye? Nilijaribu kidogo nyumbani kwenye kikombe, ikakauka ngumu ajabu. Nilicheka mwenyewe jikoni. Asubuhi nikaingia darasani nimevimba kichwa, nikaweka sufuria ya maziwa kulia na sufuria ya gundi kushoto, nikamwita Chepkoech.

"Mimina hii ndani ya hii, halafu koroga."

Hakusogea. Nikadhani hakunisikia, nikarudia. Nikageuka kwa mwingine, naye akatazama sakafu. Wanafunzi wangu wote wa Kikipsigis waliweka brashi mezani, mmoja baada ya mwingine, bila kelele.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Mwalimu, hiyo ni nyama," akasema Chepkoech.

"Ni gundi."

"Ni supu, Mwalimu. Hata inanukia. Nyama na maziwa haiwekwi pamoja. Sisi hata kula, hatuli siku moja."

Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Nilimwuliza mbona kibuyu cha maziwa cha kwao kina kifuniko cha ngozi, je, ngozi si ya ng'ombe? Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba ile ngozi haijapikwa. Nikamwambia hapa ni chuo, si jikoni. Ndipo Otieno akainuka kule nyuma, roho safi tu, anataka kusaidia.

"Madam, mimi nitakoroga. Sisi hatuna hiyo shida."

Hapo nilikuwa nimepata njia. Otieno angekoroga, mimi ningepaka, picha ingekwisha, Mtahini angeridhika, cherehani zingebaki stoo. Nilishika mwiko nikampa. Chepkoech hakumzuia. Alisema tu, "Korogeni. Lakini maziwa ni ya ng'ombe ya kogo, na yakikutana na nyama, ng'ombe ndiye ataumia. Ananyonyesha."

Otieno akanitazama, mwiko mkononi. Nami nikamtazama yeye. Hivi ningefanya nini? Nikisema ni upuuzi, halafu yule ng'ombe akaugua hata kwa kupe, nani angenisamehe katika nyumba ile? Na hata asipougua, kikongwe angelala macho wazi akimsikiliza zizini. Niliuchukua mwiko nikaurudisha kabatini. Darasa likaisha bila kazi yoyote kufanyika, na muda wa Mtahini ulikuwa umekaribia. Nilitoka pale nikiwa nimenuna vibaya sana.

Kesho yake Chepkoech alikuja bila maziwa. Alisimama mlangoni akaniambia, "Kogo anasema uje nyumbani. Anataka kuona mwalimu anayepika maziwa na nyama."

Nilikwenda Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nimejiandaa kujitetea. Kogo alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, masikio yametogwa na ndewe zake zinaning'inia, macho makali. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, kwa hiyo Chepkoech alikuwa mkalimani wetu. Nilikaribishwa kwenye kigoda. Kogo akashusha kibuyu cha mursik, yale maziwa yao yaliyolazwa na kutiwa makaa hadi yana rangi ya moshi, akakitikisa vizuri, akachukua kikombe. Halafu akaacha, akauliza kitu.

"Anauliza leo umekula nini," akasema Chepkoech.

Haya, ningedanganya? "Nimekula ugali na nyama."

Kogo akacheka mpaka akajishika mbavu. Akakifunga kibuyu, akakirudisha mahali pake, akaniletea chai ya rangi, ile tunayoita strungi, na mahindi ya kuchoma. Akaniambia neno moja refu huku akinipapasa bega.

"Anasema usikasirike," Chepkoech akatafsiri. "Hajakunyima. Anasema maziwa haiendi popote, uje kesho na tumbo ingine."

Nilikunywa strungi yangu. Mle ndani mlikuwa na joto, ng'ombe akitafuna nje, na hasira zote nilizobeba njiani sikuziona tena. Nilijiona kama mtoto aliyeambiwa asubiri zamu yake, na kwa kweli sikuona ubaya wowote katika kusubiri. Nikiwa bado nimeshika kikombe, nikamwuliza Chepkoech, "Kwa hiyo leo nyama, kesho maziwa, hapo hakuna neno?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Na kama ubao huu ni wa nyama, na ule ni wa maziwa? Na hazigusani?"

Chepkoech alimgeukia bibi yake akamweleza kwa muda mrefu, mikono ikichora hewani mbao mbili. Kogo akasikiliza, akauliza maswali, akamtazama ng'ombe wake kupitia mlangoni. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Jumapili nilirudi nikiwa nimekunywa uji mtupu, nikapewa mursik kikombe tele, na nikaongezewa.

Basi ikawa hivyo. Sufuria mbili, miko miwili, brashi za huku haziendi kule. Jumatatu tukipaka maziwa, gundi haikuingia chumbani. Jumanne ikiwa ya gundi, hakuna aliyegusa ubao wa maziwa, hata mimi. Kwenye ubao wa maziwa walipaka ukungu wa asubuhi, malisho, nyumba ya kogo na yule ng'ombe wake, kwa rangi nyepesi laini. Kwenye ubao wa gundi walijenga mlima wa chai kwa vijiti vya Otieno, vipande vya gunia lake vikawa njia za wachumaji, na karatasi ya kung'aa ikawa paa la kiwanda. Unyevu tuliushinda kwa kuutundika ubao ule jikoni juu ya jiko kubwa la chuo. Mpishi alilalamika kila siku kwamba mlima wa chai unamdondokea kwenye maharagwe.

Nilipotaka mbao zote mbili zikae ukutani pamoja, niliona kati yake pamebaki pengo. Nikapendekeza tulizibe kwa ukanda wa ile karatasi ya kung'aa ili pasiwe pabaya. Chepkoech akakataa.

"Acha ukuta ionekane, Mwalimu. Kogo akija, aone mwenyewe kwamba hazigusani."

Mtahini alikuja siku ya mvua. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, tai imenyooka, viatu vyake vimejaa tope kama vyangu vya Kapsoit. Mkuu wa Chuo alimfuata nyuma, mikono mgongoni, na nilihisi tayari anapima mahali pa kuweka cherehani. Mtahini alitazama ubao wa kwanza, akatazama wa pili, akarudi katikati.

"Huu mwanya ni wa nini? Mlikosa ubao?"

Nilifungua kinywa kujibu. Chepkoech akanitangulia.

"Hapana, sir. Hii ni maziwa, na hii ni nyama."

Mkuu akacheka. Mtahini hakucheka. Akamwambia aeleze, na yule msichana mkimya akaeleza yote: mabonge na chokaa, makongoro na moto mdogo, kazi ya kiungo, kipi kinashika rangi na kipi kinashika mzigo, na kwa nini havikai pamoja. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi vile.

"Na nikizisukuma zikutane?" akauliza Mtahini, akainua mkono kuelekea ubao.

"Hapana!" Darasa zima lilipiga kelele. Otieno ndiye aliyepiga ya juu kuliko wote.

"Ng'ombe itaumia, sir," akasema Chepkoech.

"Ng'ombe gani?"

Akamwonyesha dirishani. Ng'ambo ya ua, kwenye mvua, yule ng'ombe wa kogo alikuwa akila nyasi na ndama wake ubavuni. Mtahini alimtazama yule wa nje, akamtazama yule wa ubaoni. Akavuta kiti akaketi mbele ya picha, akaitazama tena hata Mkuu akaanza kukohoa. Aliposimama alifunga kalamu yake.

"Bwana Mkuu," akasema, "hapa hapashonwi."

Nililia, na sikujificha. Chepkoech alikimbia nje kwenye mvua bila koti, akaruka ua kwenda kumwambia bibi yake.

Baada ya hapo nilihamishwa mara nyingi. Nilikuwa Mkaguzi wa Sanaa upande wa Bomet, nikifika hadi shule za Mulot, ambako watoto walinipa rangi kutoka mabua ya ngano iliyoungua na samadi ya mbuzi. Kila nilipokwenda niliwauliza walimu swali la kwanza: watoto hawa kwao kuna nini, na ni nini kisichochanganywa na nini? Wakuu wangu wengine waliona ni swali la mchezo. Mmoja, Afisa wa Elimu mwenye haraka nyingi, aliniambia, "Mama, wewe fundisha rangi, mambo ya nyumbani waachie wenyewe." Nikamwambia kwangu rangi zote zimetoka nyumbani kwa mtu. Aliguna akaingia kwenye Landrova yake.

Sasa nimestaafu, nina shamba dogo la chai na magoti yanayouma. Siwadanganyi, nimeridhika. Chepkoech alikuwa mwalimu wa sanaa, baadaye mwalimu mkuu huko Longisa. Chuo kilipobomoa chumba kile cha zamani kujenga kipya, ni yeye aliyekwenda na gari kuzichukua mbao zetu zisitupwe. Siku ya kuagwa kwangu aliziingiza ukumbini zimefungwa kwa mablanketi mawili, kila ubao na lake. Aliniambia kogo alishalala zamani, na ng'ombe kabla yake, kwa uzee tu.

Nikaita fundi wa mtaani aje azitundike sebuleni. Nikaenda jikoni kuchemsha chai, chai ya maziwa, na nyama ilikuwa motoni, maana mimi bado ni mtu wa Bungoma. Niliporudi fundi alikuwa amerudi nyuma hatua chache, anafurahia kazi yake. Mbao zilikuwa zimebanana, hata karatasi usingeweza kuipitisha.

"Mama, nimekuzibia ule mwanya," akasema. "Sasa zimekaa sawa."

Niliweka sinia chini haraka mpaka chai ikamwagika.

"Ng'oa msumari," nikamwambia. "Ng'oa, ng'oa, sogeza ule wa kulia!"

"Kwani kuna nini, Mama?"

"Ng'ombe wa watu ataumia."